"Dawa nimeacha njomba, hizi za gesi tu": kisa cha mjomba na kipimo cha pumzi

Mjomba wangu ana miaka 54, analima korosho huko Tandahimba, na tumehangaika na tumbo lake mwaka mzima na ushee mpaka nikaona hiki kisa nikiandike chote mwanzo mwisho, maana mimi mwenyewe ni mtu wa maabara hapa Mtwara mjini na bado kuna mahali kilinipita mbele ya macho. Ruhusa amenipa, alisema andika tu njomba (ndivyo anavyoniita mimi) ila jina langu usiweke, kwaiyo jina siweki. Zahanati, hospitali na maduka ya dawa aliyopita pia siyataji, sina ugomvi na mtu. Ninachotaka watu wakijue ni lile swali moja, kuna dawa unatumia, ambalo aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili liliulizwa vibaya, na mmoja wa waliouliza ni mimi.

Ilianza Juni 2023, msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Anayeijua kazi hiyo anajua, unaingia shambani alfajiri umande bado uko kwenye majani na upepo umetulia, mota ya kupulizia mgongoni, kitambaa usoni, ukitoka huko nguo yote njano na koo limekauka. Mjomba akaanza kusikia moto hapa chini ya chembe ya moyo, akila ugali wa muhogo na mbaazi tumbo linajaa na anacheua mpaka anaona aibu mbele za watu, usiku saa nane anaamka linachoma, akitafuna kitu kidogo linatulia alafu linarudi. Yeye alisema ni salfa, nimeimeza. Akavumilia wiki tatu hivi akinywa maziwa na kutafuna magnesiam za dukani. Na kuna kitu hakukisema kwa mtu yeyote wakati ule, kwamba mgongo ulikuwa unamsumbua kwa sababu ya ile mota, akawa anameza diklofenaki karibu kila jioni. Hilo nalikumbusha hapa mapema kwa sababu dawa za maumivu za jamii hiyo zinachubua tumbo zenyewe hata kama huna bakteria yoyote, na mtu mwenye bakteria akizimeza ndo balaa zaidi.

Zahanati wakampima damu kwa ile kaseti, tone moja kidoleni, dakika kumi, mistari miwili, pozitivu ya H. pylori. Huyu ndo bakteria anayekaa kwenye ukuta wa tumbo la chakula, wengi wetu tunampata utotoni nyumbani, na ndo chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo pamoja na hizo dawa za maumivu nilizosema. Zamani madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili, mpaka Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, walipomuonyesha huyu mdudu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Marshall 1984 akanywa kabisa maji yenye bakteria hao ili watu wamuamini, akaumwa tumbo kweli, 2005 wote wawili wakapewa Nobel. Na tangu 1994 Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya saratani limemweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwaiyo siyo mdudu wa kumchekea ukishajua unaye na anakusumbua.

Akapewa kifurushi cha siku 14, dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili, klarithromaisini na amoksilini. Siku ya tisa akaacha. Mdomo ulikuwa mchungu kama analamba sarafu, na alfajiri yuko shambani hajala, ile dozi ya asubuhi ilikuwa inamtapisha, akaona tumbo limeshatulia basi. Sikuambiwa. Nilikuja kujua Novemba baada ya mnada wa kwanza, hela ya korosho imeingia, akaenda tena kupima damu, pozitivu tena, akapewa kifurushi kilekile, safari hii akamaliza siku zote 14 kwa uaminifu kabisa. Mwanzoni mwa Januari 2024 tumbo bado linachoma, damu ikapimwa tena, pozitivu tena, kifurushi cha tatu, kilekile. Akakimaliza tarehe 19 Januari.

Hapa ndo aliponipigia simu sauti imeshuka. Akasema njomba, huyu mdudu wangu siyo wa kawaida, dozi tatu hafi, kuna watu wananiambia nitafute kwa njia nyingine. Unajua ukishasikia mtu mzima anaongea hivyo ujue ameshachoka, na mimi iliniuma kwa sababu jibu la swali lake nilikuwa nalo siku zote na hakuna aliyemwambia. Ile kaseti ya damu haimtafuti bakteria. Inatafuta askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana naye, na hao askari wanabaki kwenye damu miezi mingi, wengine miaka, hata kama adui alishakufa. Nilimwambia mjomba, angalia shati lako la salfa. Shamba umemaliza kupulizia mwezi uliopita, shati bado njano, umeshalifua mara tatu bado njano, sasa mtu akiona shati anasema unapulizia mpaka leo. Akaelewa palepale. Damu inaweza kukwambia uliwahi kukutana na huyu mdudu, ila ukitaka kujua kama dawa imemuua, haina msaada wowote, na mtu akikupima damu baada ya dozi alafu akakupa dozi nyingine kwa ajili ya hiyo karatasi, amekupa dawa bila kujua anatibu nini.

Kwaiyo mpaka hapo hatukujua chochote. Inawezekana dozi ya pili ilimponya na ya tatu alimeza bure. Inawezekana hakuna hata moja iliyofanya kazi. Ili kujua ilibidi kipimo cha kumtafuta mdudu aliye hai, na vipo viwili ambavyo huhitaji kumezeshwa mpira wa kamera, cha choo kinachotafuta protini ya bakteria mwenyewe, na cha pumzi. Cha choo pale alipokuwa anapimwa hakikuwepo, walikuwa na kaseti za damu tu (na hapa muwe makini jamani, kaseti ya choo na ya damu zinafanana kwa macho, uliza sampuli gani inachukuliwa, kama ni tone la kidole basi ni askari wanatafutwa). Nikamwambia twende kwenye pumzi, ndugu yetu mmoja yuko Dar, hospitali moja huko inacho, apande basi kabla Ramadhani haijaingia.

Kipimo chenyewe kinavyofanya kazi ni kitu ambacho mimi nakipenda sana, kwa kweli. Asidi ya tumbo ni kali, bakteria wengi wakiingia mle wanakufa. Pailori yeye ana kimeng'enya kinaitwa yuriezi, kinavunja yurea na kutoa amonia, na hiyo amonia inamzunguka kama blanketi dhidi ya asidi. Kuta za tumbo la binadamu zenyewe hazina hicho kimeng'enya. Sasa yurea ikivunjwa hutoka vitu viwili, amonia na hewa ya kaboni dayoksaidi, hiyo kaboni dayoksaidi inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, unaitoa kwa pumzi. Watafiti wakafikiria, tukimpa mtu yurea ambayo kaboni yake tumeitia alama, alama ikitokea kwenye pumzi maana yake kuna mtu humo ndani ameivunja. Mwaka 1987 David Graham wa Houston na wenzake ndo walichapisha kipimo cha namna hiyo kwa kaboni 13. Hii kaboni 13 siyo ya mionzi, ipo kila mahali, kwenye kila kaboni 100 duniani kama moja hivi ni hiyo nzito kidogo, kwaiyo hata mjamzito na mtoto wanapimwa bila wasiwasi. Ipo nyingine ya kaboni 14 ambayo ina mionzi kidogo sana, hiyo wajawazito hawapewi.

Unafika hujala, wengi wanataka masaa sita. Unapuliza mfuko wa kwanza. Unakunywa yurea yako, dozi ya mjomba ilikuwa miligramu 75, kwenye kinywaji kichachu, ule uchachu unafanya tumbo lisimwage haraka na pia unamchokoza yule bakteria afanye kazi. Unakaa umetulia dakika 30, huvuti sigara, huli, hutembeitembei. Unapuliza mfuko wa pili. Mashine inalinganisha mifuko miwili. Watu wengi wanauliza kwa nini mfuko wa kwanza, si wangepima wa pili tu? Kwa sababu pumzi yako tayari ina kaboni nzito kutokana na ulichokula. Mahindi, mtama na miwa vina kaboni 13 nyingi kidogo kuliko muhogo na mchele, ndivyo mimea ile inavyotengeneza chakula chake, kwaiyo aliyelala na ugali wa dona na aliyelala na ugali wa muhogo hawaanzii namba moja. Mfuko wa kwanza ndo unaonyesha umeanzia wapi. Nilivyomweleza mjomba hii alifurahi, akasema kumbe mpaka ugali unaonekana kwenye pumzi.

Tarehe 27 Februari 2024 akapimwa. Wiki tano na zaidi tangu amalize antibayotiki, na zinatakiwa zisipungue nne, kwaiyo hapo tulikuwa sawa. Jioni akanipigia. Nilikuwa zamu, sampuli zimejaa mezani, simu nimebana begani. Akasema negativu njomba, Mungu mkubwa. Nikamuuliza, dawa zote ulikuwa umeacha? Akajibu hivi, na maneno yake nayakumbuka yote: "Dawa nimeacha njomba, hizi za gesi tu."

Nikasikia nusu ya kwanza. Nikasema alhamdulilahi, nikakata simu nikarudi kwenye kazi.

Ramadhani ikaingia katikati ya Machi. Mjomba akajua amepona, akaacha na zile za gesi. Kumi la kwanza tumbo likaanza tena moto, kumi la pili ikabidi arudie kumeza moja kila daku. Nikaambiwa nikasema labda ni kufunga tu, tumbo tupu, litatulia. Hapo tena niseme jambo la haki, maumivu yenyewe hayathibitishi kwamba bakteria amerudi, mtu aliyemeza dawa ya kuzuia asidi kwa miezi akiiacha ghafla tumbo linatoa asidi kwa fujo kwa muda, linachoma hata kama ndani hamna mdudu. Kwaiyo sikuwa na sababu ya kusema kile kipimo kimekosea. Sababu niliipata siku ya Idd.

Nilienda kijijini kula nao Idd. Baada ya chakula namuuliza mjomba hizo za gesi ni zipi, kabla hajajibu mkewe akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Yule mama hatupi kitu, kila kikaratasi cha dawa kilichoisha anakiweka humo kwa sababu akienda dukani anaonyesha tu, haandikiwi. Akakimwaga mkekani. Omeprazoli miligramu 20. Nikahesabu kikaratasi kimoja kimoja, zilianza Novemba na hazikukatika mpaka Ramadhani ilipoingia. Siku alipopanda basi kwenda Dar alikuwa amemeza. Asubuhi ya kipimo chenyewe alikuwa amemeza, na maji kidogo, kwa sababu aliambiwa asile, hakuambiwa asimeze.

Nikamwuliza, mjomba, kule hospitali hawakukuuliza? Akasema waliniuliza, kuna dawa yoyote unatumia, nikawaambia hamna. Na alikuwa mkweli kabisa. Kwake yeye dawa ni ile iliyo kwenye kifurushi, ile chungu, ile ya dokta. Kapsuli ya gesi ni kama magnesiam, kama tangawizi, unainunua dukani ukipita sokoni. Na huko mitaani zinaitwa hivyohivyo, nipe za gesi, nipe za asidi, hakuna anayesema omeprazoli. Mimi mtu wa maabara, mtoto wa dada yake, ninayeijua lugha yake, niliuliza swali lilelile la hospitali nikapewa jibu lenye ukweli wote ndani yake na sikulisikia.

Omeprazoli inafanya nini kwenye hiki kipimo. Inapunguza asidi, na pailori alishajijenga kuishi na asidi, asidi ikishuka anapungua idadi na kile kimeng'enya kinalegea, wengine wanahamia sehemu ya juu zaidi ya tumbo. Hafi, ananyamaza. Unakunywa yurea hakuna wa kuivunja kwa kasi inayotakiwa, mashine inasoma hamna kitu. Kuna uchunguzi wa Marekani uliotoka 1998, walichukua watu wenye bakteria wakawapa lansoprazoli, ndugu yake omeprazoli, thuluthi yao pumzi ikasoma negativu wakiwa bado wanaye. Wakaachishwa dawa, siku ya tatu zaidi ya asilimia 90 wakarudi pozitivu, wiki mbili wote. Ndo maana sharti ni wiki mbili, na siyo omeprazoli peke yake, hata pantoprazoli, esomeprazoli, rabeprazoli, zote zenye huo mkia wa prazoli. Na kipimo cha choo nacho kina udhaifu huohuo, mtu asije akafikiri akihamia choo amekwepa.

Alafu nikaomba karatasi ya majibu niione, maana mwanzo nilisomewa neno moja tu kwenye simu. Namba yake, yaani tofauti ya ile mifuko miwili, ilikuwa 2.8, mpaka wa maabara ile ni 4, chini ya hapo negativu. Kwa sheria ya karatasi ni negativu kweli. Ila mtu asiye na bakteria mara nyingi namba yake iko chini kabisa, karibu na sifuri, na 2.8 iko pale kwenye ukungu karibu na mpaka, na mipaka yenyewe inatofautiana kati ya maabara na maabara. Ningeiona siku ileile ningeuliza zaidi. Toka siku hiyo mtu akiniambia negativu namwambia nitajie namba.

Tukapanga upya. Acha omeprazoli tarehe 20 Aprili, upime wiki ya kwanza ya Mei. Nikamwandikia kwenye karatasi yale majina yote, nikamwekea na kapsuli moja kama sampuli, nikamwambia ukiona kitu kama hiki usimeze, hata kama mtu amekuitia jina gani. Siku zile zilikuwa ngumu jamani. Asidi ilirudi kwa hasira, alikuwa analala amekaa. Dokta wa hapa mjini akamruhusu magnesiam za kutafuna na simetidini (nayo inapunguza asidi ila siyo prazoli), hizi kipimo kinazivumilia ila simetidini aiache siku mbili kabla na magnesiam asitafune siku ya kipimo. Diklofenaki tukaifuta kabisa, mgongo akawa anameza parasetamo.

Basi limeshakatiwa tiketi, kikaja kimbunga Hidaya. Mvua ile ya mwanzoni mwa Mei 2024, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, magari yakalala njiani, Mtwara na Lindi tukawa kama kisiwa. Mjomba anapiga simu kila siku, njomba nirudie zile za gesi? Hapa ndo penye uamuzi mgumu, maana akirudia tunaanza kuhesabu wiki mbili upya, asiporudia anateseka. Ningeona anatapika damu, au choo cheusi, au anapungua uzito, au chakula kinakwama kooni, hapo nisingesubiri pumzi wala barabara, angeenda kwenye kamera moja kwa moja hata kwa kubebwa, hizo dalili hazisubiri. Tulimwangalia, hamna hata moja, wingi wa damu yake 13.1, uzito uko palepale. Nikamwambia vumilia mjomba, tafuna magnesiam. Akavumilia. Barabara ilipopitika akaondoka, tarehe 28 Mei akapuliza mifuko yake miwili.

21.4.

Sijawahi kufurahia pozitivu kama ile. Mjomba na yeye alifurahi, watu wa pembeni hawakuelewa mtu anacheka vipi kaambiwa ana ugonjwa, ila alikuwa ametoka kwenye lile wazo la mdudu asiye wa kawaida. Sasa ilikuwa inaeleweka. Mdudu yupo, ni wa kawaida, dozi ya kwanza iliyokatishwa siku ya tisa ilimjeruhi na kumfundisha klarithromaisini, mbili zilizofuata zikarudia dawa ileile aliyokuwa keshaizoea. Hiyo ndo tafsiri yangu. Angeweza pia kuwa sugu tangu mwanzo, kuna sehemu nyingi duniani usugu wa klarithromaisini uko juu, lakini kwa vyovyote kumpa mara ya nne isingekuwa na maana. Mwongozo unasema ukishashindwa na klarithromaisini usiirudie.

Dokta akampa dawa nne, omeprazoli mara mbili kwa siku, na bismathi, tetrasaiklini na metronidazo mara nne kwa siku, siku 14. Ni dozi ya kazi. Vidonge ni vingi mpaka unachoka kuhesabu, tetrasaiklini haipatani na maziwa, metronidazo haitaki pombe kabisa (mjomba hanywi, ila kwa wenzetu wa uraka na nipa hili ni la kusema wazi kabla mtu hajaanza). Juni tena, salfa tena, safari hii binamu zangu wawili wakachukua mota, mjomba akaambiwa kazi yako mwaka huu ni kumeza. Mkewe akapanga vidonge kwenye visahani vinne, kila kimoja na saa yake, kingine kilienda na swala ya alasiri. Siku ya nne akanipigia usiku anatetemeka, njomba choo cheusi, uliniambia cheusi ni damu. Kosa langu tena, sikumwambia kwamba bismathi inageuza choo na ulimi kuwa vyeusi. Nikamuuliza ni cheusi kama makaa makavu au kinanata kama lami na harufu mbaya, kizunguzungu kipo? Kikavu, hamna kizunguzungu. Asubuhi nikaenda mwenyewe kumwona, mapigo na presha viko sawa, tukaendelea. Ila ilibidi niende, siyo kitu cha kumaliza kwenye simu.

Kidonge cha mwisho akameza tarehe 17 Juni, siku ya Idd el-Hajj, baada ya pilau. Na omeprazoli ikaishia hapohapo, hakupewa ya nyongeza.

Sasa kuna watu wakimaliza dozi wanakimbilia kupima wiki inayofuata. Hapana. Ukipima mapema unaweza kuona negativu ya bakteria waliozimia, wachache waliobaki hawatoshi kuonekana, baada ya wiki kadhaa wanazaliana wanajaa tena. Wiki nne ndo kima cha chini tangu antibayotiki ya mwisho na bismathi ya mwisho, na ndani ya hizo, mbili za mwisho bila prazoli yoyote. Sisi tulingoja sita kwa sababu ya nauli na kazi ya mbaazi shambani. Kabla hajaondoka nilienda kijijini na sikumuuliza kama anatumia dawa. Nilikaa na mkewe, tukafungua lile kopo, tukaangalia pamoja. Vikaratasi vyote ni vya kabla ya Idd. Alafu nikamuuliza mjomba, tangu Idd ni kitu gani umemeza zaidi ya chakula, chochote, cha gesi, cha mgongo, cha mafua, cha kienyeji. Akafikiri. Parasetamo mara mbili, na mizizi fulani ya shemeji yake kikombe kimoja siku ya mazishi. Hivyo ndivyo swali linavyotakiwa kuulizwa na jibu linavyotoka.

Tarehe 29 Julai 2024, mifuko miwili, namba 0.5. Nilimwambia apige picha karatasi anitumie, nikaikuza kwenye simu mpaka nikaiona ile sifuri.

Natamani ningeandika kwamba hili lote lilihitaji safari tatu za zaidi ya kilometa 550 kila moja, ila haikuwa lazima. Ile ya kwanza ilipotea kwa sababu ya kapsuli moja. Na safari ya mwisho, kama ningepata maabara ya karibu yenye kipimo cha choo cha bakteria mwenyewe, kwa masharti yaleyale ya wiki nne na wiki mbili, ningeridhika nacho. Tatizo siyo tu mashine iko wapi. Nimeongea na wenzangu wa mapokezi na wa maabara ninaowafahamu, nikawaomba kitu kimoja, wawe na sahani ndogo mezani yenye kapsuli na vidonge vinavyouzwa mtaani kwetu, mgonjwa aonyeshwe, kati ya hivi kuna umewahi kumeza mwezi huu? Wawili wameshaanza.

Desemba mwaka huohuo mjomba alienda zahanati nyingine kwa ajili ya homa, wakampima malaria, na kwa sababu alitaja zamani alikuwa na tumbo wakampima na kaseti ya damu. Mistari miwili. Yule kijana akaanza kuandika kifurushi cha siku 14. Mjomba akamwambia subiri kidogo mwanangu, akaingiza mkono mfukoni akatoa ule mfuko wa nailoni anaotunzia stakabadhi zake za korosho, ndani yake ile karatasi ya Julai imekunjwa mara nne. Akaifungua akaiweka mezani akamwonyesha kwa kidole, akasema hiyo yako inaonyesha shati, hii inaonyesha shamba. Kijana akaisoma yote, akauliza maswali, akachana kile alichokuwa ameandika. Nilipigiwa simu jioni ile nikasimuliwa mpaka mwisho, mkewe anacheka kwa nyuma, na mimi safari hii nilikuwa nimekaa chini, sikuwa na kazi nyingine mkononi.